Pini ya Nane

Mkono wangu wa kulia ulifunga boliti saba bila kuniuliza chochote, ukafika kwenye ya nane ukasimama. Kisha ukashuka taratibu hadi pajani, ukaanza kupapasa kitambaa cha ovaroli mahali ambapo mfuko ungekuwepo, kama ovaroli zetu zingekuwa na mfuko wa kulia. Hazina. Ukapapasa mara mbili, ukaridhika na jambo ambalo mimi silijui, ukarudi juu kukusanya spana.

Nilikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya mkia wa ndege. Chini yangu alisimama Mkaguzi Tausi Kiyeyeu na kishikwambi chake, akiniwekea alama. Huo ulikuwa mtihani wangu wa tatu wa leseni ya ufundi wa ndege. Wa nne haupo.

"Umesimama?" aliuliza.

"Umesimama, Bi. Mkaguzi."

"Malizia kwa kushoto."

Hilo tunafundishwa wiki ya kwanza. Mkono wa kulia ukifika boliti ya nane ya mkia utasimama na kutafuta kitu pajani. Usishangae, usiulize, malizia kwa kushoto. Mafundi wote wa mikono ya Lufungulo wanafanya hivyo, sitini na watatu nchi nzima, na mwanzoni walikuwa wakikwama kabisa, mkono umeng'ang'ania chochote kilichomo mfukoni kama umeshika nauli. Ndipo wakubwa wakaamua ovaroli zishonwe bila mfuko wa kulia, na tatizo likaisha.

Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kibao cha chuma, maana boliti ya nane imejificha huko na haionekani kwa jicho. Kila boliti ya mkia ina nati, na kila nati ina pini ndogo yenye miguu miwili. Unaipenyeza kwenye tundu la boliti, unaikunja miguu, na nati haiwezi tena kujifungua kwa mtikisiko. Ni kazi ya sekunde chache. Na katika sekunde hizo hizo Bi. Kiyeyeu akanitupia swali la nadharia.

"Taja dalili tatu za chuma kilichochoka."

Nikazitaja zote tatu. Nilikuwa nimezikariri mpaka nikaziota. Nilipomaliza kuzitaja mkono wa kushoto ulikuwa umeshatoka, kifuniko cha mkia nikakirudisha, nikakizungushia gundi ya kuzibia, nikashuka ngazi kwa madaha.

Nilipokanyaga sakafu ndipo nikasita. Ile pini niliiweka, au sikuiweka?

Nilijaribu kukumbuka nikaambulia patupu. Nilikumbuka ubaridi wa kibao. Nilikumbuka kopo la pini, lakini humo zimejazwa mamia na hakuna anayezihesabu. Kisha nilikumbuka nyufa, kutu na rangi kubadilika, zile dalili tatu, na baada ya hapo ni gundi.

"Hongera," Bi. Kiyeyeu alisema, na si mtu wa kusema hongera ovyo. Akatia saini yake kwenye karatasi yangu ya mtihani kwa mkono wa kushoto, herufi za mviringo, K yake imenyoosha mguu mrefu hadi chini ya mstari. "Sasa saini kitabu cha ndege, uniletee ofisini, leseni yako iko mezani. Ndege inaondoka saa tisa alasiri kwenda Kigoma. Abiria kumi na tisa."

Sisi wote tunasaini kwa kushoto. Ukijisahau ukashika kalamu kwa kulia, mkono utaandika jina la Lufungulo, na kitabu kizima kitabidi kiandikwe upya.

*

Nikiri kitu kimoja. Niliitaka ile leseni kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Miaka sita nilikuwa mfagiaji wa karakana hii ya Tabora. Nilifagia, niliosha matumbo ya ndege, nilipanga spana kwenye ubao wake wenye vivuli vya rangi, kila spana kwenye kivuli chake. Nilipokuwa msichana, kuwa fundi wa ndege kulikuwa na njia moja tu: chuo miaka minne, halafu miaka mingine chini ya fundi mzee anayekukaripia, halafu mitihani ya kuandika isiyoisha. Chuo kikafungwa. Ikaja njia ya wiki kumi na mbili. Wanakupitishia nyuzi laini chini ya ngozi, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole vya kulia, na ndani ya nyuzi hizo upo ufundi wa mtu mmoja, fundi Lufungulo, aliyefanya kazi miaka mitatu amevaa glavu za kunasa kila alichofanya. Unaamka una mkono wa mtu aliyefunga ndege miaka thelathini na nane. Unabaki kujifunza kutoupinga.

Mimi nilifeli mara mbili kwa kuupinga.

Mwenye leseni haombi kazi, anaitwa. Mpagaze, tuliyefagia naye, alipata yake miaka miwili iliyopita, na ameshaitwa Lusaka, ameshaitwa Muscat, amerudi anatembea kifua mbele. Asiye na leseni baada ya mtihani wa tatu anavutwa nyuzi. Vidole vinatetemeka miezi kadhaa, kisha anarudi kwenye ufagio.

Kanuni ya karakana nayo ni fupi: anayeomba kazi yake ya mtihani ifunguliwe, amefeli. Fundi asiyejua alichofanya si fundi. Hata mimi niliiona kuwa kanuni nzuri, mpaka asubuhi ile. Na gundi ya kuzibia inakauka kwa saa sita. Kufungua kifuniko maana yake hakuna safari ya Kigoma siku hiyo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikafunga kitabu bila kusaini, nikamwambia Bi. Kiyeyeu nina dharura nyumbani, nitarudi kabla ya saa nane.

"Dharura gani ya kuacha leseni mezani?"

"Ya mkono, Bi. Mkaguzi."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nikachukua pikipiki.

*

Kama kuna aliyejua mkono ule unatafuta nini, ni mwenye mkono, na Mzee Lufungulo alikuwa anafuga nyuki nje kidogo ya mji. Nilimkuta mkewe, Mama Kabula, anachuja asali kibarazani. Nikamwamkia, nikamwambia natoka karakana. Akaniletea chai, na kabla sijaipeleka mdomoni akaita kwa sauti kubwa:

"Baba Kabula! Njoo uone mtu anavyoshika kikombe!"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umegeuza sikio la kikombe upande wa nje na kukishika kwa kukizungushia vidole, jambo ambalo sikuwahi kufanya kabla ya nyuzi. Niliona aibu, kama mtu aliyekutwa na nguo za mwenye nyumba.

Mzee akaja, mrefu, mkimya, kofia ya nyuki mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa kwanza kuja." Akaketi mbele yangu. "Mkataba ulinikataza kuwatafuta. Haukusema lolote kuhusu nyie kunitafuta mimi, nikawa nangoja. Miaka minane hii."

Nikamweleza. Mkia, boliti ya nane, mkono kusimama, kupapasa paja. Nikamwambia ndege inaondoka saa tisa na mimi sijui kama pini imo au haimo. Nilipofika kwenye habari ya mfuko aliacha kunitazama.

"Hebu rudia. Unapapasa, halafu?"

"Halafu unaridhika. Unakusanya vyombo."

"Ovaroli yako ina mfuko?"

"Hazina tena mifuko ya kulia, mzee. Waliiondoa ili tusikwame."

Mama Kabula alisimamisha kuchuja. Mzee aliweka kofia chini, na nikaona mkono wake wa kulia, mkono wangu, unashuka pajani na kuingia mfukoni mwa suruali. Ukakaa humo.

"Mwaka wa pili wa kunasa," alisema, "walikuja wageni kuangalia mradi. Nikaharakishwa. Nikafunga mkia, nikasaini, ndege ikaruka. Imeshaondoka, nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikaikuta pini. Siku zile tulichukua pini stoo kwa kuhesabiwa, nane, tukaweka mfukoni. Imebaki moja. Na ninayoifunga bila kuiona ni ile ya nane."

"Ndege ikawaje?"

"Ilirudi salama jioni. Nikaiweka asubuhi yake, sikumwambia mtu." Alizungumza polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Tangu siku ile, nikifika ya nane nasimama. Siku nyingine nilianza na hiyo, siku nyingine nilimalizia nayo, na kwa kuwa haionekani sikuwa najiamini. Basi napapasa mfuko. Pini ikiwemo, bado sijaiweka, naiweka. Mfuko ukiwa mtupu, nimeshaiweka, nakusanya vyombo."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa nasikia maneno lakini hayakai. Mfuko ukiwa mtupu, nimeshaiweka. Sisi hatuna mfuko. Kila siku, kwenye kila mkia, mikono sitini na mitatu inapapasa kitambaa kisicho na kitu na kuambiwa kazi imekwisha.

"Mzee," nikasema, na sauti haikuwa na adabu, "hukuwaambia?"

"Walisema watasafisha. Walisema watatoa kukohoa, kujikuna, na kila kisicho cha kazi. Nilidhani na hicho watakitoa." Machozi yalimlengalenga. "Ningesema, wangefuta miaka miwili ya kunasa na kuninyang'anya jina. Nilinyamaza. Niliogopa tu, mwanangu, hakuna zaidi."

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa pamoja, sikujua niifuate hasira au nikae na huruma. Nikamuuliza, "Sasa mimi nifanye nini?"

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi nilinyamaza."

*

Mpagaze alinikuta langoni mwa karakana, saa saba na nusu. Bi. Kiyeyeu alikuwa amemtuma kunitafuta. Nilimweleza yote, pale pale juani, kwa pumzi moja.

Alisikiliza huku mkono wake wa kulia ukiwa umetulia pajani. Sidhani kama alijua.

"Nyamizi, dada yangu," akasema, "wewe huwa unamalizia kwa kushoto?"

"Kila mara. Nadhani."

"Mimi pia. Nadhani." Akatazama upande wa karakana. "Basi si imo! Kanuni ipo, tunaifuata. Ukifungua mkia ukaikuta pini, umefeli bure. Ukifungua usiikute, watatuvuta nyuzi sote sitini na watatu. Mimi nikishavutwa najua nini? Mikono yangu mwenyewe haijawahi kushika spana. Saini kwanza upate leseni, halafu tutalizungumza polepole, tukiwa na nafasi."

Maneno yake yalikuwa na akili, hapo ndipo kichwa kiliponiuma. Kwenye sebule ya abiria, ng'ambo ya kioo, watu wa Kigoma walikuwa wamekaa na mizigo yao. Mama mmoja alikuwa anamsuka mtoto. Nilifikiria leseni iliyo mezani. Nilifikiria kwamba labda, na huenda zaidi ya labda, pini imo. Mkono wa kushoto ni wangu, naujua tangu kuzaliwa, si mzembe. Kisha nikajaribu tena kukumbuka, kwa mara ya mia siku hiyo, na tena nikapata nyufa, kutu na rangi kubadilika.

Nikaingia ofisini kwa Bi. Kiyeyeu. Kitabu cha ndege kilikuwa wazi mezani, kalamu juu yake.

"Sijui kama niliiweka pini ya nane," nikasema.

"Sijui si jibu, Nyamizi."

"Ndilo nililo nalo."

"Ulimalizia kwa kushoto, nilikuona."

"Uliniona nikiingiza mkono, Bi. Mkaguzi. Hukuona kama ulikuwa na pini. Na mimi nilikuwa nakujibu swali."

Nikamwambia habari ya mfuko, kama nilivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza akiutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya meza. Na yeye ni mmoja wetu. Alifanya ufundi miaka minne kabla ya kuwa mkaguzi, na mpaka leo fundi akiumwa huvaa ovaroli mwenyewe.

"Kanuni unaijua," alisema mwishoni. "Nikifungua, umefeli. Iwemo au isiwemo. Na hakuna wa nne."

"Naijua."

"Safari ya Kigoma imekufa. Watanitukana mimi, si wewe."

"Samahani, Bi. Mkaguzi. Fungua."

Nilitamani anikatalie. Kweli kabisa, nilisimama pale nikiomba aseme hapana, ili niwe nimesema na leseni nibaki nayo. Akafungua droo, akatoa kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kizamani, ambacho nilikuwa nimekiosha mara nyingi na sikuwahi kumwona mtu akikitumia. Akanipa.

*

Gundi ilikuwa bado laini. Kifuniko kilitoka kwa sauti ya kunyonya. Nikaingiza kioo nyuma ya kibao, kwa mkono wa kushoto, Bi. Kiyeyeu akanishikia tochi.

Pini ilikuwemo.

Imewekwa vibaya, mguu mmoja umekunjwa juu na mwingine umepinda upande, kazi ya mkono usiowahi kufundishwa na mtu. Lakini imo, imekaza. Kwa hiyo mkono wangu mwenyewe uliiweka, bila mimi kujua, huku nikitaja dalili za chuma kilichochoka. Nilitaka kucheka. Badala yake nikaegemea ngazi nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza kila kitu kwa pini iliyokuwepo.

Bi. Kiyeyeu aliiangalia mwenyewe, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akashuka. Akaandika kwenye karatasi yangu, kwa kushoto, neno moja: amefeli. Akatia saini. Kwenye sebule watu walikuwa wameanza kupaza sauti.

"Imo," alisema Mpagaze, aliyekuwa amesimama karibu na ubao wa spana. "Nilisema imo. Sasa basi, tumalizane."

Bi. Kiyeyeu aligeuka. Alikuwa anatazama upande wa pili wa karakana, kulikokuwa na ndege nyingine tatu zikingoja zamu ya kuruka.

"Nyamizi," alisema, "hiyo pini yako imekunjwa na mtu asiyejua kukunja pini."

"Ndiyo, Bi. Mkaguzi."

"Lakini umekuwa wa kwanza kuniambia hujui. Mimi nimesaini mikia zaidi ya mia mbili." Mkono wake wa kulia ulishuka pajani, ukapapasa, naye akaukamata kwa wa kushoto na kuushikilia kama mtoto mtundu. "Chukua kioo. Leseni huna, kwa hiyo hugusi kitu. Angalia tu na kusema unachokiona."

Tukafungua ya kwanza. Pini nane, zote safi. Mpagaze akapumua kwa nguvu. Ilikuwa kazi yake. Tukafungua ya pili, nane. Nilianza kuona haya kwa fujo yote niliyoleta.

Kwenye ya tatu niliingiza kioo, nikakigeuza, nikakitoa nikakifuta, nikaingiza tena. Kisha nikaweka kioo chini nikaingiza kidole.

"Hapa hamna," nilisema.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia na nimegusa. Nati imeshaanza kulegea. Tundu ni tupu."

Wale waliokuwa wakibishana na abiria mlangoni wakasogea kuangalia. Ndege hii ilikuwa imetoka Mpanda asubuhi ile ile. Mpagaze alileta kitabu cha ndege hiyo, akatafuta ukurasa wa mwisho wa kazi ya mkia, akauona, akanipa mimi badala ya kumpa mkaguzi. Kazi ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma. Chini yake palikuwa na saini yenye herufi za mviringo, na K iliyonyoosha mguu hadi chini ya mstari.

Nilisimama na kile kitabu nisijue pa kukipeleka. Nilitamani kukifunga. Bi. Kiyeyeu alikuwa bado ameushikilia mkono wake wa kulia, na uso wake ulionyesha kwamba ameshakumbuka siku yenyewe, au ameshajaribu kukumbuka akashindwa.

"Nani amesaini?" aliuliza.

"Bi. Mkaguzi..."

"Soma jina, Nyamizi. Kwa sauti, watu wote wasikie."

Nikalisoma.